Ubishi wa Wakanada: Ni mwanamuziki yupi aliye wao hasa?

ATAKAYE kuwachokoza Wakanada wawili wapendao muziki hahitaji kutaja siasa wala mpira wa magongo wa barafuni. Inatosha kuuliza ni bendi ipi iliyo bora kupita zote zilizowahi kutoka nchini mwao. Mmoja atataja Rush, wa pili The Tragically Hip, na kabla chai haijapoa atatokea wa tatu kuuliza iwapo The Band, inayosifiwa kote duniani, ni ya Kanada kweli.

Swali hilo la tatu ndilo shina la ubishi wenyewe. Wanne kati ya wanamuziki watano wa The Band walikuwa Wakanada. Mpiga ngoma, Levon Helm, alikuwa Mmarekani kutoka Arkansas. Lakini nyimbo zao zilisimulia maisha ya kusini mwa Marekani, na tamasha lao mashuhuri la kuaga, Novemba 1976, lilifanyika San Francisco. Kwa wengine hilo linatosha kuwafuta katika orodha. Kwa wengine, kwamba ni Wakanada waliowasimulia Wamarekani habari zao ndio ushahidi wa ubingwa.

Kwa miaka mingi msanii wa Kanada aliyetaka kujulikana alilazimika kuvuka mpaka. Neil Young, mzaliwa wa Toronto aliyekulia Winnipeg, na Joni Mitchell, aliyezaliwa Alberta na kulelewa Saskatoon, wote walipata majina yao California. Young alichukua uraia wa Marekani mwaka 2020 bila kuuacha ule wa Kanada. Ni wachache wanaothubutu kuwakana wawili hao. Leonard Cohen wa Montreal, aliyekuwa mshairi kabla ya kuwa mwimbaji, naye huachwa nje ya ugomvi. Tangu kifo chake mwaka 2016 kumtoa kasoro kumekuwa karibu sawa na utovu wa adabu.

Unyonge uliokuwapo nyumbani unadhihirishwa na kisa cha kundi moja la Winnipeg. Mwaka 1965 kampuni ya kurekodi ilitoa santuri ya Chad Allan and the Expressions bila kuandika jina la kundi. Badala yake iliandika maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Bashiri ni nani", ikitumaini watangazaji wangedhani ni vijana wa Uingereza. Hila ilifaulu, kibao kikavuma, na maneno hayo yakageuka kuwa jina la kundi: The Guess Who. Mwaka 1970 kundi lilo hilo lilishika nafasi ya kwanza katika chati za Marekani kwa wimbo American Woman.

Mwaka uliofuata serikali iliingia kati. Tume ya utangazaji, CRTC, chini ya Pierre Juneau, iliagiza kwamba asilimia 30 ya muziki unaochezwa na redio za masafa ya AM uwe wa Kanada. Kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 35 mwaka 1999. Jina la tuzo za Juno, ambazo ndizo kuu za muziki nchini humo, linamkumbuka Juneau huyo.

Lakini wimbo wa Kanada ni upi? Ili kulijibu swali hilo ulibuniwa mfumo wa alama nne: aliyetunga muziki, mwimbaji, mahali pa kurekodi, na mtunzi wa maneno. Wimbo ulihitaji kupata alama mbili. Herufi za kwanza za vigezo hivyo kwa Kiingereza ni MAPL, zinazotamkwa sawa na jina la mti ambao jani lake limo katika bendera ya taifa. Ulikuwa mpango nadhifu, hadi alipotokea Bryan Adams.

Adams alizaliwa Kingston, Ontario, mwaka 1959. Mwaka 1991 alitoa albamu ya Waking Up the Neighbours, yenye kibao kilichokaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa wiki 16 mfululizo, jambo lisilokuwa limewahi kutokea. Hata hivyo, nyimbo hizo alizitunga pamoja na Robert John "Mutt" Lange, ambaye si Mkanada (mzaliwa wa Mufulira, Zambia ya leo, aliyekulia Afrika Kusini). Kwa kuwa si muziki wala maneno yaliyokuwa kazi ya Mkanada peke yake, alama hazikutimia. Mwimbaji aliyekuwa akitamba duniani kuliko Mkanada yeyote akahesabiwa kuwa mgeni katika redio za kwao.

Adams aliushambulia mfumo mzima hadharani, akadai unalea wanyonge. Kanuni ililegezwa mwaka 1993 ili kuutambua utunzi wa pamoja, lakini mjadala aliouamsha haujatulia. Wapinzani wa agizo hilo husema redio zilitimiza wajibu kwa kurudia wasanii wale wale wakongwe hadi wasikilizaji wakachoka. Watetezi huuliza: bila agizo hilo, nani angewasikia wale ambao Marekani haikuwataka? Msomaji wa Kenya hatakiona kigeni kilio hiki, maana wanamuziki wa hapa nao wamelia mara nyingi kwamba redio zao hupenda vya wageni.

Jibu la watetezi huwa ni jina moja, nalo linatoka mji ule ule wa Kingston. The Tragically Hip ilianzishwa mwaka 1984, ikajaza viwanja kutoka pwani moja ya Kanada hadi nyingine, ilhali upande wa pili wa mpaka ilijulikana kwa wachache. Mwaka 1995 mwigizaji Dan Aykroyd, Mkanada mwenzao, aliitambulisha katika kipindi maarufu cha Saturday Night Live. Mashabiki walitarajia milango ya Marekani ifunguke. Haikufunguka.

Sababu, wasema mashabiki, ndiyo sifa yake. Gord Downie aliandika kuhusu mambo ambayo mgeni hangeyaelewa bila kuelezwa. Albamu ya Fully Completely ya 1992 ina wimbo kuhusu Bill Barilko, mchezaji wa Toronto aliyefunga bao la ubingwa mwaka 1951 kisha akapotea kwa ndege majira hayo hayo. Mwili wake ulipatikana mwaka 1962. Imo pia Wheat Kings, inayomhusu David Milgaard, aliyefungwa zaidi ya miaka 20 kwa mauaji ambayo hakutenda. Wanaoibeza bendi hii husema ilipendwa kwa uzalendo kuliko kwa ufundi, na kwamba miziki yake ni ya kawaida ikivuliwa vazi la utaifa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, ila inasahau kwamba kuimbia jirani wa nyumba ya pili nako ni ufundi.

Mei 2016 ilitangazwa kwamba Downie alikuwa na saratani ya ubongo isiyotibika. Badala ya kunyamaza, bendi ilizunguka nchi kwa mara ya mwisho. Tamasha la kufunga ziara lilifanyika Kingston Agosti 20 na kupeperushwa na shirika la utangazaji la CBC bila matangazo ya biashara. Watu wapatao milioni 11.7 walitazama angalau sehemu yake, karibu thuluthi moja ya taifa. Waziri Mkuu Justin Trudeau alikuwa ukumbini, na Downie alitumia nafasi hiyo kumkumbusha hali ya wenyeji asilia wa kaskazini. Alifariki Oktoba 17, 2017.

Rush ni ubishi wa aina nyingine, kwani hapo hakuna anayetilia shaka ufundi. Kinachowagawa watu ni sauti ya juu ya Geddy Lee, nyimbo zinazoweza kumaliza upande mzima wa santuri, na falsafa katika mashairi ya mpiga ngoma Neil Peart. Wahakiki waliidharau kwa miongo. Ukumbi wa Heshima wa Roki nchini Marekani uliipokea mwaka 2013 tu, zaidi ya miaka kumi baada ya kustahiki.

Nayo Nickelback, ya mji mdogo wa Hanna, Alberta, ina mkasa usio na mfano. Kibao chake How You Remind Me cha 2001 kiliongoza orodha ya Marekani ya mwaka mzima wa 2002, na albamu zake zimeuzwa kwa makumi ya mamilioni. Hata hivyo, kuikejeli kuligeuka mchezo wa taifa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walitia saini kuipinga isitumbuize katika mechi ya kandanda ya Marekani mjini Detroit. Mwaka 2016 polisi wa Kensington, kisiwani Prince Edward, walitishia kuwachezea madereva walevi kanda ya bendi hiyo wakiwa njiani kwenda korokoroni. Afisa aliyetoa tishio hilo baadaye aliomba radhi. Mwaka 2023 iliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kanada, na baadhi ya waliokuwa wakicheka wakakiri kwamba wanazijua nyimbo zake kwa moyo.

Wanaozungumza Kifaransa wana mizani yao. Redio zao zilitakiwa asilimia 65 ya nyimbo za kuimbwa ziwe za Kifaransa. Celine Dion, kitinda mimba wa watoto 14 wa Charlemagne, Quebec, alipotoa albamu yake ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1990, alitunukiwa tuzo ya msanii wa Kiingereza wa mwaka. Aliikataa jukwaani, akisema yeye ni wa Quebec. Mkosoaji Carl Wilson, asiyempenda, alimwandikia kitabu kizima mwaka 2007 akijichunguza ni kwa nini hampendi.

Ubishi wa siku hizi umehamia kwa watoto wa wahamiaji. K'naan, aliyezaliwa Mogadishu na kukulia Toronto baada ya kukimbia vita, aliipa Kombe la Dunia la 2010 kibao cha Wavin' Flag, kilichoimbwa Nairobi kama kilivyoimbwa Johannesburg. Mwaka 2012 aliandika katika gazeti moja la New York akijutia kulainisha tungo zake ili apendeze soko la Marekani. Lilikuwa lile lile lililowasumbua The Guess Who mwaka 1965.

Peart alifariki Januari 2020, na wengi wakaona Rush imekwisha. Oktoba 2025 Lee na Alex Lifeson walitangaza ziara ya 2026 wakiwa na mpiga ngoma Mjerumani, Anika Nilles. Mashabiki wakagawanyika papo hapo: wapo waliokimbilia tikiti, na wapo walioapa kwamba bila Peart hiyo si Rush.