Jeni za Kuunda na Kusafirisha Sukari za Utando

Mstari unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha kipindupindu, kile cha ukanda wa karatasi unaochovywa kwenye kinyesi cha mgonjwa, hauonyeshi sumu inayomharisha. Unaonyesha sukari iliyo juu ya mwili wa bakteria. Rusizi, Rwanda, inatazamana na Bukavu, Kongo, na watu huvuka mpaka kutwa, kwa hiyo kipindupindu kinaweza kuvuka nao. Wahudumu wa afya wa huku wanastahili kuieleza sukari hiyo kwa Kiswahili.

Bakteria wa kipindupindu ni wa kundi la Gram hasi. Gram ni jina la mtu, Hans Christian Gram wa Denmark, aliyetangaza njia yake ya kutia bakteria rangi mwaka 1884. Tusiandike "gramu", msomaji akafikiria mizani. Bakteria hao wana utando wa nje, na juu yake huota minyororo ya sukari iitwayo antijeni O.

Jeni zinazoshughulikia mnyororo huo zimekaa pamoja. Mimi huziita kishada cha jeni. Katika aina ya O1, iliyoua maelfu ya wakimbizi Wanyarwanda mjini Goma mwaka 1994, baadhi yake huunda sukari ya perosamini na kuiunga kipande kwa kipande. Nyingine mbili, wzm na wzt, huunda pampu inayouvusha mnyororo kwenye utando wa ndani. Kisha mnyororo hufungwa kwenye shina lake la mafuta na kupelekwa utando wa nje. Jeni moja tu, wbeT, huweka kikundi cha methili kwenye ncha. Ikifanya kazi, bakteria ni wa aina ndogo ya Ogawa. Ikiharibika, ni wa Inaba.

Mwaka 1992 ilizuka India na Bangladesh aina ya O139, ambayo kishada chake kilikuwa kimebadilishwa na kingine. Watu wazima wenye kinga ya O1 waliugua upya, maana miili yao haikuitambua sukari hiyo.

Wengine husema "sukari za ganda". Siafiki: O139 ina ganda halisi juu ya utando wake, na neno hilo tulihifadhie kazi hiyo. Tuseme "jeni za kuunda na kusafirisha sukari za utando", na alama kama wzm na wbeT tuziache zilivyo, ili mtaalamu wa maabara wa Kamembe, huku Rusizi, na mwenzake wa Bukavu wasome kitu kimoja.