Dick Williams na miguu iliyotaka kukatwa

Leo tuache habari za bumu na mitihani. Nawapa kisa cha mwanafunzi mwenzetu wa zamani, Richard Norris Williams, mwenyewe akiitwa Dick.

Jamaa alizaliwa Geneva, Uswisi, mwaka 1891, wazazi wake Wamarekani. Aprili 1912, akiwa na miaka 21, alipanda meli na baba yake pale Cherbourg, Ufaransa. Mpango ulikuwa acheze tenisi Marekani, halafu aingie Chuo Kikuu cha Harvard. Balaa ni kwamba meli yenyewe ilikuwa Titanic.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 meli ikazama. Dohani likaanguka, likamuua mzee wake. Dick akaogelea mpaka kwenye boti iliyojaa maji nusu, akakaa humo masaa kibao miguu ikiwa ndani ya maji ya baridi kali. Wengine walifia humohumo. Meli ya Carpathia ilipowaokoa, daktari akashauri miguu yote miwili ikatwe. Dick akagoma! Akawa anainuka kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana, anatembea tu.

Mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa Marekani wa wawili wawili mseto, akicheza na Mary Browne. Mwaka 1914, akiwa bado Harvard, akachukua ule wa mchezaji mmoja mmoja. Njiani alimtoa Karl Behr, naye aliyenusurika Titanic. Akaurudia mwaka 1916. Vita vikamchukua, Ufaransa ikamtunuku nishani. Mwaka 1924, kwenye Olimpiki ya Paris, akabeba dhahabu na Hazel Wightman huku kifundo cha mguu kimeumia. Yote hayo kwa ridhaa, bila mshahara wa tenisi. Riziki yake baadaye ilitoka kwenye mambo ya benki, Philadelphia. Alifariki mwaka 1968.

Sasa watu wakisimulia kisa hiki, daktari anaonekana mjinga. Mimi sikubali. Mwaka 1912 antibiotiki hazikuwepo bwana, mguu ukioza unaondoka na wewe. Daktari alitaka kuokoa roho, Dick akaiweka roho rehani ili abaki na miguu. Ikamlipa. Isingemlipa, nani leo angemjua?

Wewe ungekuwa kitandani pale, baba umempoteza juzi tu, ungejibu nini?

Haya, narudi kwenye msuli.