Bastola Isiyo na Jina

Kila ukoo una hadithi yake ya vita. Ya kwetu ilikaa ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha marehemu babu, kijijini karibu na Songea. Nilikwenda msibani nikiwa na riwaya kichwani, riwaya ninayohangaika nayo tangu nimalize kidato cha nne: babu yake babu anampora afisa wa Kijerumani bastola katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907.

Sanduku likafunguliwa. Kumbe bastola ipo kweli! Kutu tupu, haina jina la kiwanda wala la nchi. Baba mdogo akabandua ubao wa mpini, akaona tarakimu: 905.

"Moja imeliwa na kutu!" akapaza sauti. "Ni 1905! Si niliwaambia?"

Mwili ukanisisimka. Lakini silaha si kitu cha kukaa nacho, bwana. Mtendaji akaitwa, naye akaleta polisi. Afande mmoja wa makamo, mzoefu wa ghala la silaha, akahakikisha kwanza haina risasi. Kisha akasukuma kitasa kidogo, silinda ikatoka kwa taabu na kulala upande wa kushoto.

"Kijana, Mjerumani unamtafuta bure," akasema.

Bastola za jeshi la Wajerumani, za mwaka 1879 na 1883, silinda yake haitoki nje namna hii. Unafungua kijilango upande wa kulia, unaingiza risasi moja moja. Silinda ya kutoka ubavuni ilienezwa na Wamarekani: Colt mwaka 1889, Smith & Wesson mwaka 1896.

"Na hiyo 905, afande?" baba mdogo akauliza.

Afande akaonyesha mkono unaoshika silinda. 905 ileile! Fundi alilinganisha vipande kwa tupa, akavipa namba moja visichanganyike na vya bastola nyingine. Haikuwa tarehe.

Bastola ikaondoka na polisi. Mimi nikarudi mjini kusoma. Liège, Ubelgiji, silaha zilipigwa chapa ya ukaguzi, herufi ELG. Yetu haikuwa nayo. Lakini karakana za Eibar, Uhispania, ziliiga Smith & Wesson kwa wingi, na katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 Wafaransa walizinunua. Kwa umbo lake, naiweka yetu huko.

Je, babu alitudanganya? Chuma hakisemi nani alikishika. Kimekanusha jambo moja tu: hii si bastola ya jeshi la Mjerumani. Na mashujaa walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 hawakuhitaji bastola yetu ili wawe mashujaa.

Riwaya nimeianza upya. Sura ya kwanza, watu wanabishana juu ya sanduku la bati. Baba mdogo amenuna hadi leo. Anasema nimeuza ushujaa wa ukoo kwa Mhispania.