Kutoka Mguu wa Chura Hadi Pampu Yako ya Sola: Jinsi Umeme Ulivyoeleweka



Juzi mkulima mmoja aliniita shambani. Pampu yake ya sola ya volti 12 ilisukuma maji vizuri alipoijaribu karibu na betri. Alipoipeleka kisimani, mita 30 kutoka hapo, maji yakawa ya kuchuruzika tu, na nyanya zilishaanza kunyauka. Alikuwa ametenga fedha za kununua paneli ya pili. Nikamwomba asubiri. Jibu la shida yake lilipatikana Ulaya karibu miaka 200 iliyopita.

Luigi Galvani, daktari wa Bologna, Italia, aliona miguu ya chura aliyekufa ikirusharusha ilipoguswa na metali mbili tofauti zilizounganishwa. Mwaka 1791 akaandika kwamba umeme huo unatoka ndani ya mnyama. Mwitaliano mwenzake, Alessandro Volta, hakukubali. Yeye alisema chanzo ni zile metali, chura anaonyesha tu kwamba umeme umepita.

Ili kuthibitisha, Volta alimwondoa chura. Alipanga visahani vya zinki na fedha kimoja juu ya kingine, na katikati akaweka vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Mwaka 1800 akatangaza kazi yake: betri ya kwanza. Umeme wa kusugua vitu, uliojulikana kabla yake, ulitoa cheche ukaisha. Huu ulitiririka mfululizo, mradi waya uunganishe ncha ya juu na ya chini. Hapo kuna somo la kwanza: mkondo haupiti bila njia ya kurudi. Ndiyo maana pampu yako ina nyaya mbili.

Somo la pili lilitoka kwa Georg Ohm, mwalimu wa shule mjini Cologne, Ujerumani. Alipima nyaya mbalimbali akaona kwamba waya ukiwa mrefu mkondo hupungua, na ukiwa mnene huongezeka. Kitabu chake cha mwaka 1827 hakikupokelewa vizuri kwao. Ilipofika 1841, Royal Society ya London ilimpa nishani ya Copley.

Leo majina yao ni vipimo. Volti ni msukumo wa umeme. Omu ni ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia. Wingi wa mkondo unaopita hupimwa kwa ampea, jina la Mfaransa Ampère. Kanuni ya Ohm ni hii: volti = ampea × omu.

Sasa turudi kisimani. Pampu ilihitaji ampea 5. Waya wa shaba ulikuwa wa 1.5, na kwenda na kurudi ni mita 60, sawa na ukinzani wa karibu omu 0.7. Zidisha: 5 × 0.7 = 3.5. Volti 3.5 zilipotelea njiani, pampu ikabaki na 8.5. Kwa waya wa 6, upotevu haufiki volti 1.

Alibadilisha waya, hakununua paneli, na maji yakafika kwenye nyanya.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kifaa kingine cha sola, fanya haya:

1. Pima umbali, kisha zidisha mara mbili.
2. Soma ampea za pampu yako.
3. Chagua unene wa waya kwa hesabu, usiangalie bei peke yake.
4. Sogeza betri na paneli karibu na kisima kama inawezekana.