Kupanda farasi kiupande
Huu ni upandaji ambao miguu yote miwili hukaa upande wa kushoto wa farasi. Tandiko lake lina pembe mbili: paja la kulia hulala juu ya pembe ya juu, na la kushoto hukaa chini ya ile ya pili, iliyobuniwa miaka ya 1830. Pembe hiyo ya chini ndiyo iliyowawezesha wanawake kuruka viunzi wakiwa imara.

Anayeanza hujifunza kwanza kukaa wima. Mabega na nyonga vielekee mbele sawasawa na uzito uegemee paja la kulia, la sivyo tandiko huvutika upande na kumchubua farasi mgongo. Fimbo hufanya kazi ya mguu wa kulia.

Uingereza, ambako Side Saddle Association ilianzishwa 1974, waamuzi wa maonyesho hutazama pia koti na aproni inayofunika miguu. Malkia Elizabeth II alihudhuria gwaride la siku yake ya kuzaliwa akiwa amekaa kiupande hadi 1986, juu ya farasi wake Burmese.

Mtindo huu si wa upole tu: nchini Mexico, wanawake wanane wa timu ya escaramuza hupishana kwa kasi uwanjani, wakiwa wamekaa kiupande.