Mcheza kwao hutunzwa

Sinema ya Out of Africa ya mwaka 1985 yasimulia mapenzi ya Karen Blixen, aliyekuwa na shamba la kahawa Ngong, Kenya, hadi 1931. Muziki wake wa okestra aliutunga Mwingereza John Barry, ukampatia tuzo ya Oscar mwaka 1986. Alistahili.

Lakini humo mna pia wimbo wa asili, Siyawe, wenye jina la George Senoga-Zake, mmoja wa watu watano waliotayarisha wimbo wa taifa wa Kenya, 1963. Nani amkumbuka?

Enyi vijana wa Kinondoni na Temeke mnaotia muziki katika filamu zetu, hakikisheni majina yenu yameandikwa. Mcheza kwao hutunzwa, lakini asiyetajwa atatunzwa na nani?