Uratibu wa Sera ya Chakula, Mbulu na Hanang

Uratibu wa sera ya chakula katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hauna baraza lake maalumu. Zanzibar iliunda baraza la namna hiyo kwa sheria ya mwaka 2011. Kwa Tanzania Bara, kazi hiyo imegawanywa kwa ngazi. Juu ipo kamati ya lishe chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Chini, kila halmashauri ina kamati ya lishe inayowakalisha pamoja maofisa wa afya, kilimo, mifugo, elimu na maendeleo ya jamii. Kipimo cha kamati hizo ni mkataba wa lishe, ulioanza kusainiwa 2017. Halmashauri hutakiwa kutenga walau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, kiasi ambacho hakinunui hata kilo moja ya maharage.

Hanang inaonyesha gharama ya kupanga chakula bila kuwauliza wenyeji. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano katika mashamba makubwa ya Basotu, Setchet, Mulbadaw na mengineyo. Taifa lilihesabu magunia. Wabarbaig, wafugaji wa Kidatooga wa eneo hilo, walihesabu malisho waliyopokonywa. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO na kushinda Mahakama Kuu, lakini Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo.

Akiba ya nafaka husimamiwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), wenye vihenge Babati. Maziwa, tegemeo la wafugaji wa Kidatooga, hayamo katika akiba hiyo.